Makadirio ya tabianchi ya kanda: CMIP6, CORDEX, data zilizosahihishwa au modeli za kilomita chache?

Anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye hazina ya data za tabianchi hukutana na maelfu ya mafaili. Kila jina la faili limebeba modeli (programu ya kompyuta inayokokotoa tabianchi), senario (njia ambayo gesijoto zinadhaniwa kufuata), ukubwa wa gridi (miraba ambayo ramani imegawanywa) na miaka, na yote yanadai kueleza jambo lilelile: joto na mvua za eneo fulani mwaka 2050 au 2080. Akichora ramani mbili kutoka vyanzo viwili, moja inaweza kuonyesha mvua ikiongezeka mahali palepale ambapo nyingine inaonyesha ikipungua. Hapo wengi huchagua kwa macho. Huchukua ramani yenye miraba midogo zaidi kwa sababu inaonyesha milima na mabonde, na kitu kinachofanana na ardhi tunayoijua huaminika upesi.

Nawaandikia waliokwama hapo: mhandisi wa mifereji, mtafiti wa kilimo au afya, mwanafunzi wa uzamili, mpangaji wa matumizi ya maji. Ukiacha matawi madogo, chaguo ni nne. Ya kwanza ni matokeo ghafi ya modeli za dunia kutoka CMIP6, mradi wa kimataifa wa kulinganisha modeli hizo. Ya pili ni modeli za kanda chini ya ushirikiano wa CORDEX. Ya tatu ni data zilizoshushwa kipimo kwa njia za takwimu na kusahihishwa, kama NEX-GDDP-CMIP6 na ISIMIP. Ya nne ni uigaji wa kilomita chache, kama CP4-Africa. Hakuna iliyo toleo jipya la mwenzake. Kila moja ilitengenezwa kujibu swali lake, na matatizo mengi ninayoyaona hutokana na kuiuliza swali la jirani.

Tukumbushane pia kwamba makadirio si utabiri. Hayasemi kwamba mwaka fulani kutakuwa na ukame. Yanasema kwamba gesijoto zikifuata njia hii, wastani wa miaka 20 au 30 na tabia ya matukio makali vitaelekea upande ule. Anayetafuta hali ya msimu ujao, hata chaguo moja kati ya haya halimfai.

Vigezo

Nitazipima zote kwa maswali matano. Gridi yake inaona nini? Nyuma yake kuna modeli na senario ngapi? Fizikia yake inatoka wapi, na inakosa nini? Inakudai kazi gani kabla hujapata namba ya kutumia? Na inamfaa nani?

Swali la pili ndilo linalosahaulika zaidi, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Modeli moja, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kukuambia imekosea kiasi gani. Wanaokuambia ni jirani zake, yaani modeli nyingine zilizofanya jaribio lilelile kwa masharti yaleyale. Ndiyo maana ya ushirikiano katika sayansi hii: watu wa taasisi mbalimbali hukubaliana mapema juu ya mipaka, miaka, senario na namna ya kuandika mafaili, ili matokeo yao yaweze kuwekwa meza moja.

Ili namba zisielee hewani, nitatumia Ziwa Victoria kama kipimo. Lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na mvua yake ni mtihani mgumu. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu hukutana katikati na kupanda, na radi huanza wakati ambapo nchi kavu inayozunguka imeshatulia. Modeli isiyoliona ziwa haiwezi kuiona mvua hiyo.

1. Modeli za dunia: CMIP6

*Gridi inaona nini.* Mraba wa kawaida una upande wa kilomita 100 hivi, na katika modeli nyingine zaidi ya hapo. Kwa kilomita 100, Ziwa Victoria linapata miraba saba tu. Kwa kilomita 200 haifiki hata miwili. Tena modeli huhitaji miraba kadhaa ili kuchora kitu kimoja vizuri, kwa hiyo uwezo wake halisi wa kuona ni hafifu kuliko gridi inavyodai. Milima hulainishwa ikawa vilima, na pwani hukatwa kwa ngazi.

*Wingi wa modeli na senario.* Hapa haina mpinzani. CMIP ilianza mwaka 1995 chini ya Mpango wa Dunia wa Utafiti wa Tabianchi, WCRP, na awamu ya sita ndiyo iliyolisha ripoti ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, ya Agosti 2021 kuhusu msingi wa kisayansi. Kuna modeli makumi kadhaa, na senario mbalimbali, zikiwemo SSP1-2.6, ambamo gesijoto zinapunguzwa haraka, na SSP5-8.5, ambamo zinaongezeka bila kizuizi. Baadhi ya modeli zimeendeshwa mara nyingi kutoka mianzo tofauti kidogo. Kurudia huko ni hazina, kwa sababu kunakuwezesha kutenganisha mabadiliko yanayoletwa na gesijoto na mayumbo ya asili ya angahewa na bahari.

*Fizikia.* Anga, bahari, barafu na ardhi vinazungumza. El Niño huzaliwa ndani ya modeli yenyewe, haiingizwi kutoka nje. Lakini mawingu ya radi ni madogo kuliko mraba, kwa hiyo mvua yake hukisiwa kwa kanuni badala ya kukokotolewa. Kuna jambo jingine la kuangalia: ripoti ya IPCC ya 2021 iliona kwamba, kaboni dioksidi ikiongezeka maradufu, huenda dunia ikapata joto la nyuzi 2.5 hadi 4 za Selsiasi, ilhali baadhi ya modeli za CMIP6 zinavuka 5. Ukichukua wastani wa modeli zote bila kuzitazama, hizo zenye joto kali zitakuvuta.

*Kazi kwa mtumiaji.* Mafaili ni madogo kwa kulinganisha, lakini yana mitego. Joto liko katika kelvini, hivyo toa 273.15. Mvua iko katika kilo kwa mita ya mraba kwa sekunde, hivyo zidisha kwa 86,400 upate milimita kwa siku. Baadhi ya modeli zinatumia mwaka wa siku 360, kila mwezi siku 30, na nyingine hazina mwaka mrefu kabisa. Nimewahi kupitia ripoti ambayo msimu wake wa mvua ulikuwa unasogea polepole kuelekea mwisho wa karne, na waandishi wakaueleza kwa ari kama mabadiliko ya tabianchi. Ilikuwa kalenda.

*Inamfaa nani.* Anayeuliza juu ya eneo kubwa, nchi kubwa au bonde la mto mrefu, na anayetaka kujua mashaka yote yana upana gani.

2. Modeli za kanda: CORDEX

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo penye manufaa mengi na kutoelewana kwingi.

Wazo la kuweka modeli yenye gridi ndogo ndani ya modeli ya dunia lilianza kufanyiwa kazi Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, mikononi mwa Robert Dickinson, Filippo Giorgi na wenzao. Baadaye Giorgi alihamia kituo cha ICTP mjini Trieste, Italia, ambako modeli ya RegCM inaendelezwa na kugawiwa bure. Ulaya ilifanya majaribio ya pamoja kupitia miradi ya PRUDENCE na ENSEMBLES, Amerika ya Kaskazini kupitia NARCCAP. Kwingineko kila kundi lilikata kipande chake cha dunia, likachagua gridi na miaka yake, na matokeo hayakuweza kulinganishwa. Mwaka 2009 WCRP ilianzisha CORDEX kuleta utaratibu mmoja duniani kote: kanda 14, zikiwemo Aktiki na Antaktika, kila moja ikiwa na mipaka iliyokubaliwa, orodha moja ya vipimo na muundo mmoja wa mafaili. Afrika ilipewa kipaumbele tangu mwanzo.

Namna inavyofanya kazi ni hii. Modeli ya kanda hupewa kipande cha dunia. Kwenye kingo zake hulishwa upepo, joto, unyevu na mgandamizo wa hewa kutoka modeli ya dunia, kwa kawaida kila baada ya saa sita, pamoja na joto la uso wa bahari. Ndani ya kingo hizo hujikokotolea yenyewe, kwa milima mirefu zaidi na pwani iliyo karibu zaidi na halisi kuliko zile za modeli mama, yaani modeli ya dunia inayoilisha.

*Gridi inaona nini.* Awamu ya kwanza ilitumia kilomita 50 hivi. CORDEX-CORE, iliyokusudiwa kuzipa kanda nyingi kiwango kimoja, ilishuka hadi 25. Ulaya ilifika 12.5. Kwa kilomita 50 Ziwa Victoria linapata miraba 27, kwa 25 linapata 110. Hapo tofauti huonekana: upande wa mlima unaoelekea upepo hulowa, wa nyuma hukauka, na ziwa huanza kuwa na upepo wake. Kwa nchi tambarare iliyo mbali na maji, usitarajie muujiza. Gridi ndogo husaidia pale ambapo ardhi yenyewe ina jambo la kusema.

*Wingi wa modeli na senario.* Fikiria jedwali: safu mlalo ni modeli za dunia, safu wima ni modeli za kanda. Kila kisanduku kilichojazwa ni uigaji mmoja, na kila kimoja kina gharama. Jedwali la Ulaya limejazwa vizuri, likiwa na uigaji zaidi ya 50 wa kilomita 12.5 chini ya RCP8.5, senario ya gesijoto nyingi kutoka kizazi kilichotangulia SSP. Kanda nyingine zina visanduku vitupu vingi. CORDEX-CORE ililitatua hilo kwa busara: modeli za dunia tatu, zilizochaguliwa ili kuwakilisha joto la chini, la kati na la juu, zililisha hasa modeli mbili za kanda, RegCM4 na REMO. Lakini ilifanya RCP2.6, yenye gesijoto chache, na RCP8.5 pekee, hivyo anayetaka senario ya kati hataikuta humo. Awamu mpya, inayolishwa na CMIP6, inalenga kilomita 12 hadi 25, na kipaumbele chake ni SSP1-2.6 na SSP3-7.0. Kabla ya kuandika neno "CORDEX inaonyesha", hesabu kwanza visanduku vya kanda yako. Uigaji sita uliozaliwa na modeli mama mbili ni ushahidi wa mama wawili.

*Fizikia.* CORDEX ina desturi moja ninayoiheshimu sana. Kabla modeli ya kanda haijalishwa makadirio, hulishwa kwanza hali halisi ya miaka iliyopita, kutoka kumbukumbu za hali ya hewa zilizojengwa upya kwa vipimo, ERA-Interim hapo awali na ERA5 sasa, kisha mvua yake hulinganishwa na iliyopimwa vituoni. Kwa kuwa chakula hicho ni sahihi kadiri inavyowezekana, kosa linalobaki kwa sehemu kubwa ni lake mwenyewe. Baadaye inapolishwa na modeli ya dunia, unajua lipi ni kosa la mtoto na lipi la mama. Matokeo hayo ya uhakiki yapo wazi, na wachache mno huyafungua.

Upande wa pili, maji hufuata mkondo. Modeli mama ikipitisha upepo wa unyevu mahali pasipo, modeli ya kanda italipamba kosa hilo kwa milima mizuri, haitalifuta. Nyingi hazina bahari yao, hupokea joto la maji na kulitumia lilivyo. Mahali ambapo modeli mama haina ziwa, joto la maji ya ziwa linaweza kukopwa kutoka bahari ya mbali, isipokuwa modeli ya kanda iwe na sehemu yake ya kukokotoa ziwa. Anayefanya kazi karibu na ziwa kubwa na asiyeuliza swali hili yuko hatarini.

Kisa cha Ulaya kinafundisha. Kwa majira ya kiangazi, modeli nyingi za kanda zilionyesha ongezeko dogo la joto kuliko modeli za dunia zilizozilisha. Mtu angeweza kusema gridi ndogo imesahihisha. Julien Boé na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2020, walionyesha kwamba sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na mambo yaliyokosekana. Modeli nyingi za kanda zilishikilia erosoli, yaani chembechembe zinazoelea hewani na kuzuia mwanga wa jua, katika kiwango kilekile miaka yote, ilhali modeli za dunia ziliziacha zipungue na jua kuongezeka. Pia hazikuzingatia kwamba mimea hubana vinyweleo vyake kaboni dioksidi inapozidi, hivyo kupunguza mvuke. Tofauti kati ya mtoto na mama, basi, si thamani iliyoongezwa kila mara.

*Kazi kwa mtumiaji.* Kubwa kidogo. Kanda nyingi hutumia gridi iliyozungushwa, hivyo mistari ya latitudo na longitudo haikai wima kwenye faili, na programu ya ramani isiyojua hilo itakupeleka kwingine. Vifupisho kama AFR-22 na EUR-11 vinataja kanda na ukubwa wa gridi. Na upogo, yaani kosa la kudumu la modeli, ungalipo: joto linaweza kuwa juu au chini ya lililopimwa kwa nyuzi kadhaa, kwa hiyo anayetaka kulisha modeli ya mto au ya mazao atahitaji kusahihisha. Data hupatikana kwenye ESGF, mtandao wa kimataifa wa kugawana data za tabianchi, na kwenye hifadhi ya Copernicus, mpango wa Ulaya.

*Inamfaa nani.* Anayefanya kazi penye milima, pwani iliyopinda au maziwa, anayehitaji vipimo vinavyoendana kifizikia, na aliye na muda wa kukagua modeli mama.

3. Data zilizoshushwa kwa takwimu na kusahihishwa

Njia hii haiendeshi modeli mpya. Huchukua miaka iliyopita ya modeli ya dunia, huiweka kando ya vipimo halisi, hujifunza imekosea wapi, kisha huliondoa kosa hilo kwenye miaka ijayo. Mara nyingi husahihisha ngazi kwa ngazi, siku kavu peke yake, za mvua ndogo peke yake, za mafuriko peke yake.

*Gridi inaona nini.* NEX-GDDP-CMIP6, kazi ya NASA, ina mraba wa nyuzi 0.25, karibu kilomita 28. ISIMIP hutumia nyuzi 0.5. Ukihesabu miraba ya Ziwa Victoria, ya NEX haiko mbali na ya CORDEX-CORE, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Undani huo umetoka kwenye vipimo vya zamani. Mabadiliko ndani ya kila mraba kwa sehemu kubwa ni ya modeli mama. Ramani ya leo itaonyesha ziwa lenye mvua yake, lakini kama modeli mama haina ziwa, namna radi za usiku zitakavyobadilika haimo.

*Wingi wa modeli na senario.* NEX ina modeli 35 na senario nne, siku kwa siku kuanzia 1950 hadi 2100, ingawa si kila modeli ina kila kipimo. ISIMIP3b ina modeli tano za msingi, kwa makusudi: watafiti wa maji, misitu, mazao na afya hupewa chakula kimoja ili matokeo yao yalinganishwe. Ni ushirikiano wa aina ileile ya CORDEX, uliohamia kwenye athari.

*Fizikia.* Inategemea dhana moja kubwa, kwamba kosa la jana litakuwa kosa la kesho. Penye vituo vichache vya kupimia, "ukweli" unaotumika kusahihishia nao ni makisio. Kipimo kimoja kimoja kikisahihishwa peke yake, joto na unyevu vinaweza kuachana kidogo. Njia nyingine hubadilisha hata mwelekeo wa matukio makali. Ya ISIMIP iliundwa kulinda mwelekeo huo. Na hakuna usahihishaji unaoweza kurekebisha upepo unaovuma njia isiyo yake.

*Kazi kwa mtumiaji.* Ndogo kuliko zote. Gridi imenyooka, dunia nzima imo, na upogo umeshaondolewa kwa kiasi kikubwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye modeli ya mazao, mto au magonjwa inayohitaji kulishwa kila siku kwa viwango vinavyofanana na halisi, hasa pale ambapo joto au mvua ya msimu ndiyo hoja.

4. Modeli za kilomita chache

*Gridi inaona nini.* Kwenye kilomita nne hivi na kushuka chini, jambo la msingi hubadilika: kanuni ya kukisia mvua ya radi huzimwa, na modeli huiacha hewa ipande yenyewe. Modeli zenye gridi kubwa huelekea kunyesha mapema mno, karibu na adhuhuri, na kutoa manyunyu mengi kuliko mvua kubwa. Hizi husogeza mvua hadi alasiri na jioni, karibu zaidi na uhalisia. CP4-Africa, ya idara ya hali ya hewa ya Uingereza, ilifunika bara zima kwa kilomita 4.5. Ziwa Victoria linapata miraba ipatayo 3,400.

*Wingi wa modeli na senario.* Huu ndio udhaifu. CP4-Africa ni modeli moja, senario moja ya RCP8.5, miaka kumi hivi ya sasa na kumi ya mwisho wa karne. Miaka kumi haiwezi kukupa kwa uhakika mvua inayotokea mara moja katika miaka mia. CORDEX imeanza kujenga wingi huo kupitia majaribio yake maalumu: milima ya Alps kwa kilomita tatu hivi, na ELVIC kwa bonde la Ziwa Victoria. Modeli kadhaa zinafanya jaribio moja, lakini katika maeneo machache. Sababu ni hesabu tu. Ukipunguza upande wa mraba kwa nusu, miraba huwa mara nne na hatua za muda mara mbili, yaani gharama mara nane. Kwa hesabu hiyohiyo, kutoka kilomita 25 hadi 4.5 ni mara 170 hivi.

*Fizikia.* Ndiyo nguvu yake. Elizabeth Kendon na wenzake, mwaka 2019, walipolinganisha CP4-Africa na modeli ya kilomita 25, waliona mvua kali ikiongezeka zaidi, na vipindi vikavu katikati ya msimu wa mvua navyo vikirefuka zaidi. Matokeo kama hayo yanapaswa kumnyima usingizi anayepanga kwa kutegemea wastani.

*Kazi kwa mtumiaji.* Nzito. Data za kila saa kwa bara zima hujaza diski haraka, kwa hiyo kata eneo lako kabla ya kupakua.

*Inamfaa nani.* Anayeuliza juu ya mvua ya saa moja au tatu, mafuriko ya ghafla, radi na upepo mkali.

Kulingana na hali yako

Ukiandika mpango wa nchi au kanda nzima, na hoja kuu ni joto na mwelekeo wa mvua, anza na CMIP6. Onyesha upana wote wa modeli, si mstari wa kati pekee, na eleza umefanya nini na zile zenye joto kali. CORDEX iongezwe pale ambapo milima au pwani inabadilisha jibu.

Ukipanga kwa miaka 20 ijayo, gridi ndogo si haja yako ya kwanza. Katika muda huo senario hazijaachana sana, na mayumbo ya asili yana sauti kubwa. Tafuta modeli zilizoendeshwa mara nyingi.

Ukiwa na bonde la mto lenye milima, CORDEX ina haki ya kuwa chaguo lako kuu, kwa sharti kwamba umetazama uhakiki wake na umechagua uigaji wenye mama tofauti. Isahihishe upogo kabla ya kuilisha kwenye modeli ya mto, na hifadhi pia matokeo yasiyosahihishwa, ili uone kama usahihishaji umebadilisha mwelekeo.

Ukiwa na modeli ya mazao au ya afya, na muda mfupi, ISIMIP au NEX zitakufikisha. Ukitaka kazi yako ilinganishwe na ya wengine, ISIMIP ina faida. Ukitaka wingi, NEX. Usitumie yoyote kati ya hizo kudai jambo jipya kuhusu ziwa, bonde au mteremko mmoja.

Ukisanifu mifereji ya mji, makadirio ya siku nzima hayatoshi. Tumia uigaji wa kilomita chache kama upo kwa eneo lako, lakini usisome kiwango chake kama kipimo cha mwisho. Kilinganishe na kanuni ya fizikia kwamba hewa hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya joto. Modeli moja ikivuka hapo sana, tafuta sababu kabla ya kupanua bomba. Pasipo uigaji huo, chukua ongezeko la joto kutoka CMIP6 au CORDEX, likuze kwa kanuni hiyo juu ya mvua iliyopimwa, na uweke nafasi ya ziada iliyo wazi kwenye hesabu.

Na ukikuta vyanzo viwili vinatofautiana kwa mwelekeo, kimoja mvua juu, kingine chini, usivijumlishe kupata sifuri. Mashariki mwa Afrika watafiti wamehangaika na jambo la aina hiyo kwa miaka: mvua za masika zilipungua kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1980, ilhali modeli nyingi zinaonyesha mvua zikiongezeka mbeleni. Fuatilia kwanza chanzo cha tofauti: modeli mama, erosoli, joto la bahari, au data za kusahihishia. Ikibaki bila jibu, andika hali mbili kamili, moja yenye maji mengi na moja yenye maji machache, kila moja na joto lake na msimu wake, kisha jaribu usanifu wako dhidi ya zote mbili. Bwawa lisilofanya kazi katika moja ya hizo mbili halijamaliza kusanifiwa.